Homa Zilizokuwa Madunguni

Mimi shule sikwenda. Nilisoma ngumbaru, masomo ya watu wazima, jioni, kwenye ofisi ya kijiji, wakati tayari nina watoto watatu, na mpaka leo herufi zangu ni kubwa kama za mtoto. Lakini namba naziandika vizuri. Basi walipokuja wale watafiti kijijini kwetu, upande wa Ruaruke, wakauliza ni mwanamke gani mtu mzima anayejua kuandika namba na asiyeogopa kuingia nyumba za watu, nikatajwa mimi. Wengine walinitaja kwa kunisifu, wengine kwa kutaka niondoke barazani kwao. Yote nikayapokea.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imeachiwa kila mtu. Duka la ushirika limefungwa, mitumba imefika mpaka kwetu, na dawa ya homa unaikuta gengeni imewekwa pembeni ya chumvi na betri. Kiongozi wa watafiti alikuwa daktari, mwanamke mwembamba kutoka Dar es Salaam, umri wa binti yangu wa kwanza. Alituambia wanataka kujua mvua na mafuriko yanavyobadilika, na yanavyoleta maradhi kwa watu wanaoishi karibu na maji. Hilo la kubadilika hatukuhitaji kuambiwa. Zamani mto ulikuja na wakati wake, nawe ukapanda mpunga ukijua. Siku hizo ukawa unakuja kama mgeni asiye na adabu, mara mapema, mara usije kabisa, mara uje mara mbili.

Kazi zangu zilikuwa mbili. Kila asubuhi nisome kipimo cha mvua walichokisimamisha uani kwangu, na kila Jumamosi nipite nyumba kwa nyumba na daftari, niulize nani kaumwa homa wiki hiyo. Jirani yangu mmoja alikiangalia kile kipimo siku tatu, akashindwa kunyamaza.

"Shoga, hilo kopo lako ndilo linalofunga mvua?"

"Ndilo. Na ukiniudhi nitaifungulia juu ya paa lako."

Akacheka, lakini kopo hakulisogelea tena.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu haelezwi. Kijiji chetu kiko juu, kwenye mchanga na mikorosho. Tulipangwa huko na serikali zamani, tukatolewa bondeni kwa sababu ya mafuriko, tukaambiwa chini hakulaliwi tena. Lakini mpunga haukuhamishwa. Mpunga uko bondeni, na mpunga ukianza kushika punje lazima uamiwe, yaani ulindwe mchana kutwa, usipouamia ndege wanakula wote, na wanachobakisha ni cha nguruwe na viboko. Kwa hiyo miezi ile kila nyumba inashuka. Tunaishi kwenye madungu, vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo, jiko la udongo huko huko juu, na maji yakija unafunga mtumbwi kwenye ngazi. Wanashuka akina mama na watoto. Juu kijijini wanabaki wazee na kuku.

Na akija mtu yeyote mwenye kalamu akauliza mnalala wapi, jibu letu ni moja: tunalala hapa kijijini. Tulilishika jibu hilo kama tulivyoshika sala. Tuliogopa kwamba ikiandikwa tunalala bondeni, tutafukuzwa bondeni, na mashamba yaende kwa mwingine.

Basi Jumamosi za masika nilipita na daftari langu. Napiga hodi, mzee anaitika. Nani kaumwa? Hapa hakuna mgonjwa. Na kweli hapa hakuna mgonjwa, mgonjwa yuko dunguni. Nikaandika sifuri. Nyumba ya pili sifuri. Nikafika nyumbani kwangu mwenyewe, mkwe wangu, mke wa mwanangu, na wajukuu wangu watatu wako bondeni, najua wa katikati anatetemeka tangu Jumatano, nikakaa kwenye mkeka wangu nikajiandikia sifuri. Sifuri nzuri, ya duara.

Mvua zilipokaribia kwisha daktari akaja na gari lao. Akanipa shikamoo, akakaa, akafungua madaftari. Alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu la mtu anayehesabu kichwani.

"Mama, nyinyi mna siri gani? Kila tulikopita, mvua zikizidi homa zinazidi. Kwako mvua zinazidi, homa zinakwisha."

Nikajishughulisha na kuni za jikoni.

"Kazi yako safi kuliko zote," akasema. "Kipimo hukuruka hata siku moja. Nitaandika kwamba hapa mafuriko hayajawadhuru watu. Vyandarua na dawa vitakwenda Mtawanya na kwingine kwenye shida zaidi."

Nimesifiwa mara chache maishani mwangu. Marehemu mume wangu hakuwa mtu wa kusifu. Na hii iliyokuja ilikuwa ya sifuri zangu za uongo. Nikamwambia daktari anisubiri, aonje madafu, nina mtu wa kuzungumza naye.

Nilikwenda kwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwa anasuka tenga.

"Shemeji, nataka kumwambia daktari habari ya madungu."

Hakuinua uso. "Ngumbaru imekupanda kichwani."

"Watoto wanaumwa na hawamo kwenye daftari. Dawa zinakwenda kwa wengine."

"Na ukiwaandika, mwakani utawalisha nini? Namba?" Akavuta ukindu kwa meno. "Mwambie. Halafu tukifukuzwa bondeni, tutakuja kula uani kwako, kijiji kizima. Upike."

"Nitapika. Lakini mtoto akifa kwa degedege dunguni, na mimi nimemwandika mzima, utanizikia wewe ile namba?"

Hapo akaniangalia. Hakusema ndiyo. Alisema, "Wewe mwanamke mgumu," akarudi kwenye tenga lake. Kwa shemeji yangu hiyo ni karibu sawa na ndiyo.

Nikarudi. Nikamwambia daktari afunge daftari kwa sababu ni la uongo, na mwongo ni mimi. Nilimweleza yote, nimesimama, sikukaa. Nilidhani atafoka. Aliuliza kitu kimoja tu: "Ni mbali?"

"Kwa miguu mpaka ukingoni, halafu mtumbwi."

Akavua viatu vyake vya Dar es Salaam akaviweka ndani ya gari.

Niliusukuma mtumbwi mimi mwenyewe kwa pondo, ule mti mrefu. Jua lilikuwa limesimama. Daktari amekaa katikati ameshika kingo mbili, daftari kaliweka kifuani ndani ya mfuko wa plastiki. Kila dungu tuliloligusa watu waliniangalia mimi kama wanaomwona mtu kaja na askari. Nikawaambia, "Huyu ni wangu. Semeni kweli, lawama nabeba mimi." Dungu la kwanza, watoto wawili wana homa. La pili, mama mwenyewe kalala, binti yake wa miaka saba ndiye anayepiga debe kufukuza ndege. La tatu mmoja. La nne lilikuwa la kwangu.

Mkwe wangu alikuwa anamkanda mjukuu wangu kwa kitambaa cha maji. "Mama, umemleta wapi mgeni, hata uji sina," akasema, ana haya. Daktari alipanda ngazi bila kungoja karibu, akamshika mtoto, akatoa dawa mfukoni, akaiponda akamnywesha. Halafu akaangalia juu, kwenye miti ya paa, akauliza chandarua kiko wapi.

"Kijijini," mkwe wangu akasema. "Kimetundikwa kitandani. Wakija wakaguzi wakione."

Daktari alikaa kwenye sakafu ile ya miti akacheka mpaka akafuta macho, na mkwe wangu akacheka, na mimi nikacheka ingawa nilikuwa na hasira. Tulizunguka mpaka alasiri. Namba alizoandika siku ile zilikuwa nyingi kuliko zangu za masika yote.

Lakini ile hofu ya kufukuzwa bado ilikuwapo. Mwezi uliofuata watafiti walifanya mkutano Kibiti, kwenye ukumbi, na mabwana wa wilaya wamekuja. Daktari aliniita niseme. Nilifunga kanga mpya, nikasimama mbele ya watu wenye kalamu mfukoni. Nikaeleza dungu ni nini, nani analala, miezi gani, homa ngapi. Bwana mmoja wa mbele, mnene, akanikatiza.

"Mama, nani aliwaruhusu kulala bondeni?"

"Ndege," nikamwambia. "Wao wanakuja bila kibali, na sisi tukawafuata."

Ukumbi ulicheka, yeye hakucheka. Nikaendelea, kwa sababu nilikuwa sijamaliza. Nikamwambia, "Mheshimiwa, wali uliokula mchana huu umetoka bondeni. Mtu alilala huko kuulinda. Ukitaka tusilale, njoo na kombeo lako uamie wewe." Kisha nikakaa, nikaitengeneza kanga yangu.

Daktari akasimama akasema wao hawakuja kutafuta nani amevunja amri, wamekuja kutafuta homa, na homa imepatikana ilipo. Watu watahama na mpunga wao kila mwaka, alisema, kwa hiyo dawa nayo ihame. Yule bwana alinong'ona na wenzake muda mrefu. Mwisho akasema suala la kulala halikuwa ajenda ya siku ile. Akageuza ukurasa. Mpaka leo sijasikia limerudi kuwa ajenda.

Masika yaliyofuata daftari jipya lilikuwa na safu mbili, moja ya kijiji na moja ya madungu. Ile ya madungu niliipigia mstari mimi, kwa rula, daktari akishika upande wa pili wa karatasi. Nikapewa sanduku la bati la dawa na vyandarua vya kutundika juu ya miti ya dungu, nikafundishwa kipimo cha mtoto na kipimo cha mtu mzima, na nikafundisha wanawake wawili wengine. Najivuna, ndiyo. Watu husema majivuno si mazuri kwa mzee. Mimi nasema yale ambayo hukuyafanyia kazi ndiyo yasiyo mazuri.

Jumamosi ya kwanza nilishuka na mtumbwi, sanduku mbele, daftari magotini. Nilikuwa nimeufunga kwenye ngazi ya jirani, naandika, nikasikia sauti inaniita kutoka dungu la upande wa pili wa maji. Shemeji yangu, mwenyekiti, amesimama kwenye ngazi yake, mkono mdomoni.

"Shemeji, na huku kwangu. Andika wawili, mama yao na mdogo."

Nikamwambia asubiri zamu yake, nilikuwa sijamaliza na huyu.