Nilivyopiga Magoti Maili Moja

Kiswahili nilichokuja nacho Tanzania nilikiokota kambini. Nilizaliwa Uganda, Muganda, na nyumba yetu ilipakana na kambi ya jeshi. Siku zile kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Nilijua "simama", "kuja hapa" na "toa haraka", na mengine machache ya aina hiyo. Basi mambo ya nyumbani yalipoharibika, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikakimbia na kupata kazi ya kufundisha hesabu katika sekondari moja ya Kibaha. Darasani nilifundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo hakuna aliyegundua.

Nyumba za walimu zilikuwa zimejaa. Mwalimu mwenzangu akanielekeza Maili Moja, kwa mzee mmoja mwenye shamba la mikorosho, aliyekuwa na chumba cha kupangisha. Nikaenda peke yangu Jumamosi asubuhi, gauni nimelipiga pasi mara mbili.

Nilimkuta mzee barazani akichonga mpini wa jembe. Kwetu binti aliyelelewa vizuri hamsalimii mkubwa akiwa wima. Nikapiga magoti palepale mchangani, nikainamisha kichwa, kisha nikasema kwa Kiswahili pekee nilichokuwa nacho:

"Wewe mzee! Mimi nataka kaa na wewe. Sema lini!"

Mpini ukamponyoka.

"Inuka, binti, inuka," akaninong'oneza huku akitupia jicho mlango wa nyumba yake. "Watu watasemaje?"

Nikadhani salamu haijamfika, nikainama zaidi. Ndipo mkewe akatoka uani, mikono imejaa unga wa muhogo hadi viwikoni.

"Anataka nini huyu?"

"Sijui," mzee akajibu, na hapo ndipo alipojiharibia kabisa.

"Mimi nataka kaa na yeye," nikamweleza mama kwa uchangamfu. "Mimi nalipa yeye kila mwezi."

"Lahaula! Amlipe!" Mama akamgeukia mumewe, akamkagua kuanzia kofia mpaka ndara. "Wewe? Ulipwe wewe?"

Mzee akainama kuokota mpini wake. Majirani walikuwa wameshaanza kusogea, kila mmoja akijifanya ana safari yake. Mmoja akaenda kumwita balozi wa nyumba kumi, ambaye kazi yake ilikuwa kumjua kila mgeni anayeingia mtaani.

Balozi alikuja na daftari kwapani. Alipofika, na yeye nikampigia magoti. Akakohoa, akajiweka sawa, akatazama pembeni kuhakikisha kwamba watu wameona. Nikampa barua ya mkuu wa shule. Akaisoma kwa sauti: mwalimu huyu ni mgeni kutoka Uganda, anatafuta chumba cha kupanga, tafadhali asaidiwe.

"Chumba!" mama akasema.

"Chumba," nikaitikia, nimefurahi kulipata neno.

"Sasa magoti ya nini?" balozi akaniuliza.

"Kwetu, mtu mkubwa, sisi salamu hivi."

Kicheko kikapasuka barazani kote, na mzee akacheka kuliko wote, kama mtu aliyetolewa rumande. Mama peke yake hakucheka. Alijishika kiuno.

"Mbona mimi hukunipigia?" akauliza. "Mimi mdogo?"

Nikaona aibu. Nikamgeukia, nikapiga magoti ya heshima zote. Akaniacha pale kidogo, aonekane vizuri, kisha akaniinua kwa mikono yake, akaniachia unga mabegani.

"Huku kwetu tunasema shikamoo, mwanangu, na tunasema tumesimama. Na huyu mume wangu utamsalimia ukiwa mlangoni kwako."

Nikahamia jioni ileile. Mama akanifundisha Kiswahili upya, kila siku, tukimenya mihogo. Nikisema "nipe chumvi", alikuwa kama kiziwi. Nikisema "naomba chumvi, mama", chumvi ilikuja mbio.

Baada ya mwaka hivi, mkuu wa shule aliniita akanipa nyumba ya mwalimu, yenye umeme na bomba ndani. Nikarudi kumuaga mama.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Umeme ni mzuri." Kisha akamuuliza mumewe, mimi nikiwa nimekaa papo hapo, ni nani sasa atawasomea barua za binti yao aliyeolewa Tanga.

"Si uende kisomo cha watu wazima?" mzee akasema. "Balozi amekuja mara tatu kukuandikisha."

"Niende wapi, na mwalimu ninaye ndani?"

Akainuka, akaingia chumbani kwangu, akaanza kukunja shuka zangu, polepole sana. Moja aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Nilimtazama hadi nikashindwa.

Kesho yake nilirudisha ufunguo kwa mkuu wa shule. Aliponiuliza nyumba ina kasoro gani, nilimwambia haina kasoro yoyote. Nilikaa Maili Moja miaka saba.