Siku Niliposhikilia Kioo

Gundi ya silikoni hunuka kama siki. Mama alianza kulalamika mara tu nilipofungua mrija wa kwanza, wa kujaribia: "Unapika nini huko, kachumbari?" Alikuwa kitandani chumba cha pili, mlango ukiwa wazi, kama ulivyokuwa wazi usiku na mchana kwa miaka mitatu, tangu kiharusi kilipomlegeza upande wa kulia.

Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa pampu katika shamba la maua kule Naivasha. Nilikuja Nakuru kwa likizo ya wiki mbili ili nimuuguze, na sikurudi kazini tena. Dada zangu wana watoto, mimi sina. Hakuna aliyehitaji kusema zaidi. Dunia yangu ikawa kutoka kitandani kwake hadi dukani pale kwenye kona. Safari hiyo ni dakika tisa kwenda na kurudi, saba nikikimbia.

Tangi la samaki lilikuwa kitu cha kwanza nilichojichagulia katika muda huo. Nilisoma mwezi mzima. Nilijifunza kwamba silikoni ya bafuni hutiwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo huua samaki. Nilijifunza pia kwamba gundi mpya haishiki juu ya gundi iliyokauka. Ukikosea, unakwangua yote kwa wembe. Maji ya kisima chetu, yanayotia meno rangi ya kahawia, sikuyaamini, nikakinga ya mvua. Muuza vioo alinikatia vipande vitano vya unene wa milimita sita. Nilivipima upya mwenyewe.

Mama hulala kuanzia saa nane hadi saa tisa na nusu mchana. Nilipanga kazi iingie humo. Kioo cha nyuma ndicho husimamishwa kwanza, nacho hushikiliwa na tepu ya karatasi kwa robo saa hivi, hadi gundi ikamate. Nilikata vipande vya tepu, nikavining'iniza ukingoni mwa meza. Kingo za kioo, mahali pa gundi, nilikuwa nimezifuta kwa spiriti mara tatu. Upande wa nje, mahali pa tepu, sikuufuta hata mara moja. Vumbi la Nakuru ni laini kama unga. Hulioni mpaka likuaibishe. Nilipopaka gundi na kukisimamisha kioo, tepu ya kwanza ikabanduka, ya pili ikaifuata. Nikakidaka kioo kwa mikono yote miwili.

Hapo mvua ikaanza kupiga mabati, Mama akaamka.

"Wewe! Nataka kwenda choo."

"Nakuja, Mama. Ngoja kidogo."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu limeshaanza."

"Dakika kumi tu. Nimeshika kioo."

"Kioo? Unajitazama ulivyo mzuri?"

Nilicheka, naye akacheka. Mvua ikazidi.

Sitalipamba jambo hili. Ningeweza kukilaza kioo mezani. Ningepoteza mrija mmoja wa gundi na alasiri moja, basi. Nilijua hivyo huku mabega yakiniwaka na macho yangu yakiwa ukutani. Lakini kila kitu changu kingine nilikuwa nimekilaza kwa miaka mitatu, na hiki sikutaka kukilaza. Aliniita mara mbili zaidi. Aliponyamaza, nilijiambia kwamba usingizi umemrudia.

Gundi ilipokamata, niliuvuta mtungi wa maji kwa mguu, nikakiegemeza kioo, nikaenda.

Alikuwa amegeukia ukutani. Kwa mkono wake mzima alikuwa amelivuta blanketi hadi kidevuni. Hata hospitalini, siku zile mbaya kabisa, hakuwahi kulowesha kitanda. Nilimbadilishia nguo na shuka, na yeye hakunitazama mpaka nilipomaliza.

"Kimeshika?" akauliza.

"Kimeshika."

"Haya."

Tangi sasa liko kando ya kitanda chake, lina samaki saba, na ile gundi ya kioo cha nyuma haijawahi kupitisha hata tone. Jumapili moja akina mama wa kanisa walikuja kumwona, wakalisifu.

"Nani amekutengenezea?"

"Mwanangu. Lakini nilimsaidia."

"Ulimsaidia aje, na huo mkono?"

"Nilingoja," akasema Mama.

Walicheka sana. Mimi nikabeba birika kwenda jikoni kuongeza chai, ingawa lilikuwa bado limejaa.