Kitana na Ziwa la Minza

Naikumbuka siku ile sengi, yaani shangazi yetu, alipotukuta mimi na mama yako nyuma ya nyumba, sufuria ya maji ya moto chini, kitana mkononi mwangu. Ilikuwa msimu wa kuvuna pamba na watu wengi walikuwa shambani. Mwanangu Kabula, hili sijawahi kukusimulia. Unajua kwamba mama yako Minza alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, na unajua ugonjwa ulimchukua, mimi nikakulea. Habari za kitana huzijui.

Nimelikalia kimya miaka ishirini na mitano, na ningeendelea kulikalia kama si simu ya Jumapili. Nilikuuliza kama umeenda kwenye ule upimaji wa matiti unaotangazwa hapo Bariadi, ukanicheka. "Mama, hiyo ni ya akina mama wa umri wenu. Mimi nina ishirini na saba tu, nikifika arobaini nitaenda." Nilikata simu nikakaa kitandani, kwa sababu maneno hayo ni yangu. Niliyasema mimi kwanza, mbele ya daktari, bila aibu.

Wakati ule nilikuwa na miaka thelathini na minne, na hapa Lalago nilikuwa na sifa. Mwanamke anayenyonyesha akipata uvimbe kwenye ziwa, analetwa kwangu. Namkanda kwa kitambaa cha maji ya moto, kisha nampitishia kitana cha mti kutoka juu kushuka kwenye chuchu, mpaka maziwa yaliyoganda yafunguke. Wengi walipona, maana kweli yalikuwa maziwa. Nami nikavimba kichwa, nikajiona daktari niliyekosa koti tu.

Minza akanijia na uvimbe mdogo, mgumu, upande wa kwapani, usiouma. Wewe ulikuwa bado unanyonya. Nikamwambia ni maziwa, nikamkanda. Ulipoachishwa ziwa uvimbe ukabaki, nikasema ni maziwa yaliyobakia ndani. Alikuwa anakuja kila baada ya siku mbili tatu, anakaa kwenye kigoda na kufungua blauzi bila kuuliza swali, kwa sababu mimi ni dada yake na aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko kitana chenyewe.

Siku ile sengi alikuwa ametoka Mwandoya kuja kutusalimia. Tukamwamkia, "Mwangaluka, sengi," akaitikia, akasimama kututazama. Akamuuliza Minza mtoto ameacha ziwa lini. Minza akajibu, tangu tulipokuwa tunapanda pamba.

"Na sasa tunavuna," sengi akasema. Akanigeukia mimi. "Hayo maziwa unayoyachana yanatoka wapi?"

Nikaanza kueleza habari za baridi ya asubuhi, na magunia ya pamba ambayo Minza alikuwa anabeba. Sengi akanikatisha. "Usinipangie maneno. Hujui. Sema hujui, umpeleke mwenzako kwa wanaojua." Akaninyang'anya kitana, akakitia kwenye kikapu chake, na sikukiona tena.

Nilikasirika, sikufichi. Siku mbili nzima nilinuna, naona nimeaibishwa mbele ya mdogo wangu. Siku ya tatu ndipo tukaenda hospitali, na baadaye tukapelekwa Mwanza, wakamkata kinyama kidogo wakakipima. Daktari alipotuambia ni saratani ya titi, aliyebisha si Minza, ni mimi. "Daktari, huyu ana miaka thelathini na moja. Ugonjwa huo si wa bibi zetu?"

Hakunicheka. Alisema ni kweli wengi wanaokutwa nao ni watu wazima, lakini wasichana pia wanaupata, nao huchelewa kwa sababu kila wanayemwonyesha anawaambia bado ni wadogo. Kisha akamuuliza Minza uvimbe aliuona lini. Mama yako akanitazama, halafu akamjibu daktari, "Juzi juzi tu." Alidanganya ili anistiri.

Walimtoa titi, wakampa dawa zilizomnyonyoa nywele. Akarudi nyumbani, akalima, akakupeleka darasa la kwanza yeye mwenyewe, unakumbuka. Kisha ugonjwa ukarudi, safari hii kwenye mifupa, na hakumaliza mwaka. Hakuna daktari aliyeniambia kwamba miezi ile ya kitana ndiyo iliyomuua, na mimi sikuthubutu kuuliza. Labda tungewahi angekuwa hai. Labda hata hivyo asingepona. Naishi na hizo labda mbili.

Basi sikiliza ninachotaka. Uvimbe kwenye titi, uwe unauma au hauumi, unaonyeshwa hospitali. Vivyo hivyo ngozi ikijivuta, au chuchu ikitoa damu. Mara nyingi utaambiwa si saratani, utarudi nyumbani kwako ukiimba, na nauli yako haijapotea bure. Mtu akikwambia bado mdogo, awe shoga yako, mama mkwe au mimi, mshukuru kisha uende. Lakini wewe hata uvimbe usingoje. Mwanza daktari alinishika mkono akaniambia mtoto wa Minza asisubiri kufika umri wa mama yake ndipo apimwe, na kila atakakokwenda aseme mama yake alikutwa na saratani ya titi akiwa na miaka thelathini na moja. Nilipaswa kukwambia ulipofikisha ishirini. Niliogopa utaniuliza kwa nini mama yako alichelewa.

Sasa umejua. Ukinikasirikia una haki, ila nikasirikie baada ya kupimwa. Alhamisi napanda gari la asubuhi, nitakufuata hapo kazini kwako, omba ruhusa mapema. Tutaingia wote, na mimi nitaanza, maana nakaribia sitini na hakuna aliyewahi kunipima.

Mungu akuvushe miaka thelathini na moja ukiwa mzima, mwanangu. Akufikishe kwenye umri wangu huu, na mama yako apumzike akijua kwamba nimekwambia.