Mwenda Hakuandikwa

Harufu ya viazi vya kwetu Kibirichia vikiiva kwenye majivu, ganda likipasuka, ndiyo hunirudishia kaka yangu Mwenda. Msimu ule wa kuvuna, baridi ya mlima ikituuma masikio, alichomoa kiazi motoni kwa vidole vyake vigumu, akakipuliza, akaninong'oneza, "Kula, mdomo mkubwa, kabla nyanya hajakuona." Nilikuwa na miaka minane. Nilicheka hadi nikapaliwa.

Wiki ileile wavamizi wenye bunduki walikuja kuchukua ng'ombe, na vita vikatukalia siku tatu. Mwenda na vijana wenzake walifuata ng'ombe bondeni. Hakurudi, wala mwili haukuonekana. Kwetu watu hawahesabiwi. Nyanya alinifunza tangu nikiwa mgongoni kwamba ukihesabu watoto unaita mauti. Karani Murithi, aliyetumwa na chifu, alinikuta peke yangu mlangoni, mama na nyanya wako matangani kwa jirani. "Wee msichana, kwenu wamekufa wangapi?" Nikamjibu kwa adabu, "Sisi hatuhesabu watu." Akacheka. "Basi hakuna." Akaandika hivyo, akaenda zake. Mtu wa palepale! Alijua vizuri kwamba kwetu huulizwa majina. Simsamehe. Chifu naye simsamehe, alipunguza idadi ya maiti ili wakubwa wasimuulize askari wake walikuwa wapi. Mama alimwendea mara tatu kuomba Mwenda aandikwe, akaambiwa, "Mama, leta mwili." Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nami, ng'ombe wa karo wakiwa wameibwa, shule ikaishia darasa la tatu.

Siku hizi nauza viazi mtaa wa Majimbo, hapa Embu. Redio ikigusia vita vile, huyu husema walikufa tisa, yule thelathini, na msomi mmoja akasema "kati ya tisa na thelathini", kama mtu anayekisia magunia shambani. Zamani tuliogopa hesabu kwa sababu tulipenda watu. Leo kila kitu kinahesabiwa, na mapenzi siyaoni. Juzi binti wa utafiti alikuja na maswali yaleyale. Mafunzo ya nyanya hayatoki mwilini, lakini nikasema, "Andika mmoja. Mwenda, mtoto wa pili wa mama yangu, mwenye mwanya." Akauliza, "Mama, una uhakika, ama ni makadirio?"

"Huyo nilikula mkononi mwake," nikamwambia. "Andika."