Nilivyompeleka mama mkwe hospitali kwa mkokoteni bila kumtazama

Wakuu, heshima zenu popote mlipo. Mimi ni mmoja wa wale wasomaji wa kimya, wa kupita, kucheka na kwenda zangu. Leo nimeona mwenzetu ameuliza kama majirani wa zamani walikuwa watu wema kweli, au ni sisi wazee tunapamba. Nikaona hapa nisinyamaze.

Hii ilitokea, si hadithi ya kutunga. Mke wangu amekaa kando yangu na miwani yake, na kila nikitaka kutia chumvi ananigonga bega. Kwa hiyo jueni mnasoma kitu kilichokaguliwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa karani katika ofisi moja mjini, kijana wa tai na viatu vya kung'aa, nimeoa mwaka mmoja tu. Tulikaa mtaa wa Maringo, chumba kimoja, pazia katikati. Upande huu sebule, upande ule kitanda. Jiko, choo na bomba vilikuwa vya wote.

Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Ndunge, Mkamba wa Kitui. Mfupi, mwembamba, na sauti ya kuita watu watatu kwa mpigo. Mumewe, Mutua, alikuwa mchonga vinyago. Alichonga twiga, tembo, halafu twiga tena, maana watalii walipenda twiga. Wao walikuwa na vyumba viwili.

Sasa mke wangu akakaribia kujifungua mtoto wa kwanza, na mama yake akaja kutoka magharibi kumsaidia.

Hapa nisimame kidogo kwa wasiojua. Kwetu magharibi, mwanamume na mama mkwe wake ni watu wa kukwepana. Si uadui, ni heshima. Humshiki mkono. Huli mbele yake. Huoni kitanda chake, naye haoni chako. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mwingine apite.

Maringo hakuna kichaka.

Na kulala naye chumba kimoja, hilo hata kwenye ndoto halikuwezekana. Tukawa tunanong'onezana na mke wangu tutamweka wapi. Kuta zetu zilikuwa nyembamba, Mama Ndunge akasikia yote. Akaja mlangoni mikono kiunoni.

"Mama atalala kwangu. Watoto watalala na sisi. Imeisha."

Hakuuliza atakaa siku ngapi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama mkwe alikaa kwa Mama Ndunge wiki nane na jembe hakuliona.

Basi tukaanza maisha ya kukwepana. Kila asubuhi kabla sijatoka nakohoa mara tatu. Mama Ndunge anachungulia, anahakikisha mama mkwe yuko ndani, halafu anapaza sauti, "Pita!" kama askari wa barabarani. Ndipo karani anatoka mbio na mkoba wake.

Siku moja nilikuwa jikoni napuliza makaa nikasikia mama mkwe anakuja. Nikatokea dirishani.

(Mke wangu amenigonga. Anasema niandike kwamba nilikwama. Sawa. Nilikwama, na Mama Ndunge ndiye aliyenivuta kwa mikono, miguu yangu ikiwa bado jikoni na mama mkwe.)

Sasa tufike penyewe.

Ijumaa mke wangu akashikwa na uchungu, tukampeleka hospitali ya wazazi. Jumamosi nikafanya kazi nusu siku, saa nane niko nyumbani. Mama mkwe alikuwa anaharakisha uji wa kumpelekea bintiye. Pale bombani palikuwa na maji ya sabuni. Nikasikia kishindo, halafu yowe.

Nikatoka mbio. Nilipobakiza hatua kumi hivi, heshima ikanikamata. Nikageuka.

Wakuu, mama mzazi wa mke wangu yuko chini analia, na mimi nimempa mgongo nauliza ukuta, "Mama, umeumia?"

Mama Ndunge alikuwa ameshapiga magoti. Akaugusa ule mguu.

"Hii mguu imevunjika," akasema. "Ikikaa hivi mpaka Jumatatu, huyu mama atachechemea mpaka kaburini."

Tazama majirani wanaume: hakuna. Jumamosi mchana, wengine wako Soko la Burma wanakula nyama choma, wengine mpirani, Mutua yuko kazini kwake. Gari hakuna. Mama mkwe ni mama wa shamba, mwenye mwili wake, si wa kubebwa mgongoni.

Mama Ndunge akatoweka. Akarudi anaburura mkokoteni wa muuza makaa wa pale kona, makaa yenyewe ameyamwaga chini. Akatoa godoro la kitanda chake yeye, akalitandika juu. Wanawake wakambeba mgonjwa, wakampandisha, wakamfunika leso.

Halafu wote wakanitazama. Niliwahisi kisogoni.

"Mimi siwezi," nikasema. "Yule ni mama mkwe. Na amelala kwenye godoro."

"Mkokoteni unavutwa ukiangalia wapi?" Mama Ndunge akauliza.

"Mbele."

"Na mama ako wapi?"

"Nyuma."

"Sasa shida iko wapi, baba?"

Nilikuwa karani, nimejibu barua ngumu za serikali. Hapo nikanyoosha tai. Nikashika mikono ya mkokoteni.

Hebu nioneni. Tai shingoni, viatu vya kung'aa, navuta mkokoteni wa makaa na siruhusiwi kugeuka hata iweje. Mama Ndunge anatembea kando ameshika mwavuli juu ya mgonjwa. Mama mkwe anatoa amri, lakini kwa heshima hawezi kuniambia mimi, anamwambia Mama Ndunge kwa lugha yetu. Mama Ndunge haelewi hata neno.

"Mwambie huyo mtoto wa watu atazame mashimo!"

"Mama anasema uko na nguvu, endelea!" Mama Ndunge ananitafsiria.

Tukafika mteremko. Wasiojua mkokoteni niwaambie, kwenye mteremko si wewe unayevuta, ni wenyewe unakusukuma. Nikaanza kutembea haraka. Nikakimbia. Tai ikapanda begani. Watu wakapisha njia wakishangilia, wakidhani ni mashindano. Nyuma yangu nikasikia mama mkwe anapiga kelele, na katika zile kelele akaniita jina langu, ambalo hakuwahi kulitamka tangu nimwoe bintiye.

Sikugeuka. Mungu ni shahidi yangu, na Mama Ndunge pia, maana ndiye aliyening'inia nyuma ya ule mkokoteni kama breki, sandali zikilima barabara, mpaka tukasimama.

Hospitali wakaunyoosha mguu, wakafunga plasta mpaka gotini. Wiki sita. Jioni ile ile nikapata habari kwamba mke wangu amejifungua msichana salama. Nikacheka, halafu nikajiuliza nani atawahudumia wote watatu.

Mnajua ni nani.

Mama Ndunge alimwogesha mama mkwe kila siku, akamchana nywele, akampaka mafuta. Akitoka hapo anakuja kwetu na uji wa mke wangu, anaondoka na nepi za mtoto kwenda kufua. Watoto wake mwenyewe walikuwa watatu.

Choo kilikuwa kile cha kuchuchumaa, ng'ambo ya uwanja, na kwa plasta hakichuchumaliki. Mutua akachukua kiti cha mbao, akakitoboa katikati, ndoo ikakaa chini yake. Lakini fundi ni fundi. Hakuweza kukiacha kitupu. Akakichongea vichwa viwili vya twiga pale pa kuegemeza mikono. Wanawake wa nyumba za mbali wakawa wanakuja kukiona, na mama mkwe anawapokea amekaa juu yake kama chifu.

Ile ndoo Mama Ndunge aliimwaga kila asubuhi akiimba nyimbo za kanisani. Sikuwahi kumwona amekunja uso. Yeye na mama mkwe walishinda wanazungumza, mmoja Kikamba, mmoja lugha yetu, wanacheka mpaka ukuta unatikisika. Hadi leo hatujui walikuwa wanaambiana nini.

Na mimi? Kila jioni nilisimama nje ya mlango wao, uso barabarani, nikauliza, "Mama ameshindaje?" Nikijibiwa, naenda kusoma gazeti. Hiyo ndiyo ilikuwa huduma yangu.

Lakini mimi ndiye niliyekuwa na kalamu. Nikawaandikia wakwe kijijini barua ya kurasa mbili: "Ninamhudumia Mama usiku na mchana bila kujali uchovu." Mama Ndunge sikumtaja popote.

(Nimegongwa tena. Niliandika pia "kwa jasho langu". Haya, niliandika.)

Wiki sita zikaisha, plasta ikatolewa, mguu ukawa umeunga vizuri. Mjomba wa mke wangu akaja na wazee wawili kumchukua dada yake. Kuku akachinjwa. Wanaume tukakaa kwangu, wanawake wakakaa kwa Mama Ndunge.

Mjue kwetu kuku ana imondo, yaani firigisi. Kipande kidogo, lakini hakiliwi ovyo. Ni cha mwanamume mwenye nyumba au mgeni mkubwa. Mwanamke hakigusi, na kuna wazee wamenuniana miaka kwa ajili yake.

Mjomba akatoa barua yangu mfukoni, akaisoma yote kwa sauti. Akafika kwenye jasho, akatikisa kichwa kwa heshima. Akainua sahani ya imondo.

"Hii ni ya mkwe wetu, aliyemtunza dada yangu kuliko mtoto wa kumzaa."

Ningependa kuwaambia nilisita. Sikusita. Mkono wangu ulikuwa tayari njiani.

"Weka chini hiyo imondo!"

Sauti ilitoka ukutani. Mama mkwe.

"Huyo kijana ni mzuri. Amenivuta, hilo silikatai. Lakini hata uso wangu hajauona. Aliyeniosha, aliyenilisha, aliyemwaga ndoo yangu, ni huyu aliyepika huyo kuku mnayekula. Imondo ije huku."

Imondo, kwa mwanamke! Wazee wakatazama dari. Mimi nilitamani lile dirisha la jikoni.

Mjomba akaikunja barua yangu, akairudisha mfukoni. Halafu akasimama, akavua kofia, akaishika ile sahani kwa mikono miwili na kutoka nayo mwenyewe. Nikamfuata macho chini.

Mama Ndunge alikuwa uani, mbele ya mlango wake, anasugua sufuria. Akaitazama sahani.

"Hii tu? Na paja mmemaliza?"

Akaila hapo hapo, mikono ina jivu. Mzee wa watu akabaki amesimama mbele yake, kichwa wazi, mpaka alipomaliza kutafuna.

Walipoondoka nilienda mlangoni kwake. Wiki nane, na nilikuwa sijawahi kumshukuru. Nikamwambia, "Mama Ndunge, asante. Na unisamehe kwa ile barua."

"Asante ya nini?" Hakuacha kukunja nguo. "Mama yangu alipooza upande moja, kule Kitui. Mimi nilikuwa hapa na mtoto mchanga. Kufika, wameshazika. Nikaambiwa kuna jirani alikuwa anamwosha kila siku, mpaka ile ya mwisho. Nikamtafuta, amehama. Sijui hata jina yake."

Akachukua nguo nyingine, akaikunja.

"Haya toka hapo, unanizibia mwanga."

Wakuu, nilirudi kwangu nikalia nyuma ya pazia. Niliona aibu, na kumpenda yule mama kama niliyezaliwa naye tumbo moja.

Nilichojifunza ni hiki. Watu wa aina hii hawaandiki barua. Sisi wenye kalamu ndio tunaandika, na tunajiandika wenyewe.

Nilipofika hapa mke wangu akavua miwani akaniuliza, "Na wewe, jina lake unalijua?"

Nikafungua mdomo. Miaka yote, Mama Ndunge, Mama Ndunge. Ndunge ni mtoto. Wao walirudi Kitui zamani, sisi tukahama, na mimi sikuwahi kuuliza. Mke wangu ndiye aliyeniambia, dakika tano zilizopita.

Kwa hiyo nawaomba kitu kimoja. Kama kuna mtu aliyemwosha mama yako, baba yako, au wewe mwenyewe, na hakuna aliyempa imondo, andika jina lake hapa chini. Jina lake hasa. Kama hulijui, piga simu nyumbani uulize, halafu urudi. Tutakungoja.

Mimi naanza.

Mwikali, wa Maringo.