Bustani ya Maji Niliyoichora Masika

Sasa naweza kucheka, ila siku ile nilitamani ardhi inimeze. Nimekulia Ngokolo, mtaa wa Shinyanga mjini, nikiota maji mengi kuliko ya ndoo. Chuoni nilijifunza kupiga kasia. Niliporudi Shinyanga nikachora ramani ya bustani ya maji kando ya lambo, bwawa la kunyweshea mifugo, la kijiji kimoja: gati, kayaki, ile mitumbwi myembamba ya michezo, mabango ya kutunza mazingira. Ilikuwa masika, lambo limejaa hadi ukingoni.

"Maji haya hukauka kiangazi," alisema Mama Kulwa, mfugaji wa hapo.

"Ushahidi uko wapi, mama?"

Mimi ambaye huhoji kila kitu, tamaa yangu sikuihoji.

Septemba nikawaleta wageni wa halmashauri waidhinishe mchoro. Nilishuka garini nimeshavaa jaketi la kuelea, kayaki begani. Lambo lilikuwa tope lililopasuka. Katikati, Mama Kulwa alikuwa akichota maji kwenye shimo alilochimba, ng'ombe wakimsubiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umetuletea hori la kunyweshea ng'ombe. Weka hapa."

Nikaweka. Alimimina ndoo baada ya ndoo, ng'ombe wakanywa ndani ya kayaki mbele ya wageni, nami nimesimama na jaketi langu, nikiyatazama yale maji kwa hamu kubwa kuliko ng'ombe wenyewe.