Nzuri, Ila

Juzi nilisimama kwenye kibanda cha fundi pale Mwandiga nikisubiri simu yangu ibadilishwe kioo. Fundi alikuwa amefungua televisheni ya zamani, zile za chogo, akaiwasha hivyo hivyo bila gamba. Baada ya muda ikaanza kutoa joto lenye harufu ya vumbi linaloungua polepole, pamoja na kitu kama plastiki iliyoachwa juani. Sikusikia tena alichoniambia kuhusu kioo. Nilikuwa nimerudi Katubuka, mtaani kwetu utotoni, nimekaa kwenye mkeka, goti la mtu limenikita mgongoni.

Mimi si mwandishi. Niliishia darasa la saba, na haya huwa nayaandika kutuliza kichwa tu. Mengine niliyaona kwa macho, mengine nilisimuliwa, na siku hizi siwezi tena kuyatenganisha. Mnivumilie.

Televisheni yetu baba aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Antena ilifungwa juu ya mwanzi mrefu, na kila jioni ilibidi mmoja awe nje kuuzungusha na mwingine awe dirishani kupiga kelele. "Rudisha! Umepitiliza! Hapo hapo, usiguse!" Wa nje akiuachia tu, chenga zinarudi, na matusi madogo madogo yanafuata. Majirani walikuja na watoto wao. Sisi wadogo tulikaa mbele, na mimi nilikuwa mrefu kuliko umri wangu, kwa hiyo kila siku niliambiwa, "We Tausi, inama huko, kichwa kama dishi!"

Kati ya waliokuja alikuwa Mama Esteri, jirani yetu wa nyumba ya pili. Alitoka Burundi akiwa msichana, akaolewa hapa. Mumewe alifanya kazi mbali, na nyumbani alibaki yeye na Esteri, mtoto wa rika langu, pamoja na bibi mmoja mpangaji. Alikuwa mtu wa salamu. Kabla ya televisheni, yeye na mama walikuwa wanasalimiana mpaka maji ya ugali yanachemka na kupungua.

Labda niieleze salamu yenyewe, kwa sababu vijana wa sasa wataniona naongeza chumvi. Kwetu, na nadhani kwao zaidi, jibu la kwanza ni nzuri, hata kama nyumba imeungua. Habari za kwenu? Nzuri. Za watoto? Nzuri. Za shamba? Nzuri. Halafu mwishoni mtu anavuta pumzi na kusema "ila". Nzuri, ila mihogo imeliwa na nguruwe. Nzuri, ila mzee tulimzika jana. Hiyo ila ndiyo habari aliyokuja nayo. Kuitupa mlangoni, kabla hujaulizwa hiki na kile, ilikuwa kama kuingia ndani ya nyumba ya watu bila hodi.

Televisheni haikufuta salamu, nisije nikaisingizia. Tulisalimiana, lakini upande upande, mkono unatolewa na uso unabaki kwenye kioo. Na ilileta mema pia. Baba, ambaye zamani alikuwa harudi mapema, alianza kurudi kabla ya taarifa ya habari. Wanawake wawili wa mtaani ambao walikuwa hawasemezani kwa sababu ya kuku walijikuta wanalia pamoja kwa ajili ya bibi harusi wa kigeni.

Bibi harusi huyo ndiye aliyekuwa anasubiriwa jioni ninayotaka kuisimulia. Ilikuwa tamthilia ya Kiingereza. Wengi wetu hatukujua Kiingereza, tuliifuata kwa nyuso. Tulijua kwamba mwanamume anayemwoa ni mwongo, na kwamba yeye bado hajui. Chumba kilijaa mpaka kizingitini.

Mama Esteri akaingia.

"Hodi humu."

"Karibu, Mama Esteri, pita, kaa," mama alisema bila kugeuka. "Habari za huko?"

"Nzuri, Mama Tausi."

"Za Esteri?"

Hapa naomba muone kwamba mama aliuliza. Jina la mtoto alilitaja.

"Nzuri..." Mama Esteri alianza, na hapo padri wa kwenye televisheni akafungua kitabu.

"Subiri kwanza, subiri!" mama akapaza sauti. "Anataka kukubali huyu! Usikubali, mwanangu! Hee, jamani, hasikii!"

Watu wakacheka. Mama Esteri akakaa ukingoni mwa mkeka, karibu na mlango. Nilimwona hakuvua kandambili, nikadhani amesahau.

Yakaja matangazo ya sabuni. Wanaume wakaanza kubishana kama harusi itafungwa au haitafungwa. Mama Esteri akasogea kidogo. "Mama Tausi..."

"Eeh, na wewe sema," mama akamdaka, "unaonaje, atakubali?"

"Sijui," alisema.

Harusi ikarudi. Sijui ilikwenda kwa muda gani. Wengine husema nusu saa, mama alikuwa akisema si hata robo. Halafu umeme ukakatika, na mtaa mzima ukaguna kwa pamoja kama goli limekataliwa. Mimi nilikaribia kulia. Tukabaki gizani na ile harufu ya moto ya televisheni, mtu mmoja anapapasa kiberiti.

Ndipo mama akasema, kwa sauti yake ya zamani, "Haya, Mama Esteri, hata hatujasalimiana vizuri. Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Esteri hajambo?"

"Hajambo, ila ana homa tangu jana. Sasa amelala, mwili unaungua, nikimwita anaitika kama mtu aliye mbali. Nilikuja kumwomba Baba Tausi pikipiki."

Kiberiti kilipowaka baba alikuwa ameshatoka. Tulisikia pikipiki ikikataa, ikikataa tena, kisha ikawaka. Walipofika kwake walikuta degedege limeshamshika mtoto, bibi mpangaji amemkumbatia anaomba kwa sauti. Wakamweka katikati, baba mbele, mama yake nyuma, wakaondoka kuelekea hospitali.

Esteri alipona. Malaria ilikuwa imempanda kichwani, na alipotoka hospitali sikio moja lilikuwa limekufa kabisa na la pili limebaki na kidogo tu. Mama alimfuata muuguzi akamuuliza kama ule muda wa televisheni ndio uliofanya hivyo. Muuguzi akasema inaweza kuwa ugonjwa, inaweza kuwa dawa, inaweza kuwa kuchelewa tangu jana yake, hakuna anayejua. Mtaani wapo waliosema Mama Esteri alizembea, angepiga yowe. Wapo waliosema ni sisi. Nimejaribu kuzipima pande zote kwa miaka mingi na bado sina hukumu. Ninachojua ni kwamba tangu hapo mtu akibisha hodi, mama alikuwa anainuka kwanza na kuzima sauti, na baba alikuwa ananung'unika lakini haiwashi.

Siku hiyo ya juzi, kioo kilikuwa bado, kwa hiyo nikapita kwa Esteri. Anashona nguo hapo hapo Mwandiga, na mama yake anaishi naye. Ukizungumza na Esteri lazima umtazame, maana anasoma midomo. Wateja wanaoongea huku wameinamia simu anawaacha wamalize, kisha anawagonga begani: "Dada, hayo yote umeiambia simu. Mimi niambie upya." Wanacheka, wanaanza upya.

Mama Esteri alikuwa nyuma, anachambua maharage. Nilimwamkia, tukasalimiana mpaka tukafika kwa wajukuu. Sijui nilipata wapi ujasiri, labda ni ile harufu, nikamuuliza.

"Mama, ile jioni ya harusi kwenye televisheni. Kwa nini hukupiga kelele tu?"

Hakukasirika. Alitafuta kijiwe kwenye maharage, akakitupa.

"Ningepigaje kelele, mwanangu? Nilikuwa sijafika."

"Ulikuwa umekaa ndani, mama. Mimi nilikuona."

"Kukaa nilikaa," alisema. "Nani alikuwa amenipokea?"

Nilipokuwa mtoto nilidhani mtu akishavuka kizingiti amefika.